Kigurudumu Hakifundishi Mtu

Ukitaka kumwona mtu mzima mwenye tai akitokwa na jasho jembamba saa tatu asubuhi, nenda kwenye semina ambayo mtoa mada amekuja na video iliyoko YouTube. Atasalimia vizuri, ataitambua meza kuu, atasema itifaki imezingatiwa, kisha atabonyeza. Kigurudumu kitaanza kuzunguka. "Ndugu washiriki, naomba tuvumiliane kidogo, mtandao leo unasumbua." Atazima data na kuiwasha tena. Atainua simu juu, atasogea dirishani, ataomba hotspoti kwa mshiriki mwenye laini ya kampuni nyingine, atatajiwa nywila, ataikosea, atatajiwa tena. Muda wote huo kompyuta yake imeunganishwa na projekta, kwa hiyo ukumbi mzima umeshawajua watoto wake, umesoma ujumbe wa mkewe kuhusu gesi kuisha, na umeliona faili lililoandikwa "CV MPYA YA MWISHO KABISA 2".

Hayo niliyaona kwenye ukumbi wa kata, katika mafunzo ya wakulima wa mahindi na mtama kuhusu kiduha, lile gugu linalonyonya mizizi ya mazao. Mzee mmoja wa mstari wa nyuma, aliyefika kwa baiskeli kutoka kijiji cha mbali, alinyoosha mkono.

"Samahani bwana shamba. Hiyo video wewe mwenyewe ulishaiona?"

"Ndiyo mzee wangu, nimeiona mara nyingi tu."

"Basi si utuambie imesema nini?"

Bwana shamba alifungua kinywa, na kilichotoka ni kwamba video ile ni nzuri sana na ina mafunzo mengi. Watu walicheka, naye akacheka nao, lakini saa nzima ya wakulima waliokuwa wameacha palizi ilikuwa imeshapotea. Mwongozo huu ni kwa ajili ya kila atakayeulizwa swali la mzee yule, awe mwalimu, muuguzi, afisa ugani au mtu wa mradi aliyetumwa wilayani na projekta begani.

Kwanza achana na imani kwamba mtandao utakuwepo kwa sababu jana usiku ulikuwepo hotelini. Intaneti ya Afrika Mashariki hutujia kwa nyaya chache zilizolazwa chini ya bahari. Seacom ilianza kazi mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010, na tulifurahi kwa haki, maana kabla ya hapo tulikuwa tukilipa fedha nyingi kwa intaneti ya setilaiti. Lakini Jumapili ya Mei 12, 2024, nyaya hizo mbili zilikatika kwa pamoja kwenye pwani ya Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Februari ya mwaka uleule, nyaya kadhaa, mojawapo ikiwa ya Seacom, zilikuwa zimeharibika katika Bahari ya Shamu. Na kuna siku waya uko salama ila mtandao umezimwa, kama ilivyokuwa Uganda wakati wa uchaguzi wa Januari 2021 na Tanzania kuanzia siku ya uchaguzi wa Oktoba 29, 2025. Mtoa mada aliyetegemea kubonyeza na kuona hana mjadala na yeyote siku hizo. Hata siku njema kabisa, mnara unaohudumia kata ni mmoja, na washiriki wako arobaini wanautumia kutuma picha za semina yako kwenye makundi yao ya WhatsApp.

Piga hesabu uone. Video ya dakika 3 iliyobanwa vizuri, kwa kasi ya megabiti 2 kwa sekunde, ina ukubwa wa megabaiti 45 hivi. Ukiwa na mtandao unaoleta kilobiti 500 kwa sekunde, ambao kijijini watu huuita mtandao mzuri, megabaiti hizo zitachukua dakika 12 kushuka. Yaani kwa kila dakika ya kutazama kuna dakika nne za kukodolea macho kigurudumu. Hakuna mwezeshaji mwenye vichekesho vya kutosha kuziba pengo hilo, na mimi nimewasikia wakijaribu.

Kwa hiyo video uwe nayo mkononi kabla hujapanda gari. Kuwa nayo ni kuwa na faili lenyewe ndani ya kompyuta yako. Kiungo cha YouTube kilichobandikwa kwenye slaidi ni ahadi tu, na anayeahidi hapo ni mtu mwingine. Video uliyohifadhi ndani ya programu ya YouTube kwenye simu nayo si faili la kubeba, kwa sababu huchezwa ndani ya programu hiyohiyo na huwezi kuihamishia kwenye flashi. Na kabla ya kuishusha kwa njia za mkato, muulize aliyeitengeneza, maana kazi ya mtu ni mali yake. Mara nyingi hata haja ya kuuliza haipo: Access Agriculture wana video nyingi za kilimo zinazopakuliwa bure, zikiwemo za Kiswahili na zikiwemo za kiduha chenyewe, na Global Health Media Project wana video za mafunzo kwa wahudumu wa afya na akina mama, nazo nyingi zina sauti ya Kiswahili. Watengenezaji hao wanataka video zao zifike mahali pasipo na mtandao. Itakuwa ajabu sisi tulioko huko ndio tuwe tunazitazama kwa mtandao tu.

Faili likishapatikana, lifanye liwe la MP4 lenye picha ya mfumo wa H.264, kwa sababu kompyuta kuukuu ya ofisi ya kata inalijua hilo. Mfumo mpya wa H.265 hubana zaidi, ila kompyuta ya zamani hukutolea sauti bila picha, au picha inayoruka hatua. Programu ya HandBrake hufanya kazi hiyo bure. Ukubwa wa 720p unatosha kabisa kwa ukuta wa ukumbi ambao rangi yake ilipakwa enzi za mwenyekiti aliyepita. Weka pia VLC kwenye kompyuta yako, na kisakinishi chake kiwe kwenye flashi, maana unaweza kulazimika kutumia kompyuta ya mwenyeji ambayo haijawahi kucheza chochote zaidi ya wimbo wa harusi. Na mtu akikutumia video kwa WhatsApp, mwombe aitume kama dokumenti. Akiituma kama video ya kawaida itabanwa mpaka jani la mahindi lifanane na jani la muhogo, nawe utasimama mbele ya wakulima wanaoijua tofauti hiyo kuliko wewe.

Sasa tuje kwenye PowerPoint, ambapo wengi huumbuka huku wakiamini wamejiandaa. Programu hiyo ina njia mbili za kuweka video iliyoko kwenye kompyuta: kuiingiza yote ndani ya faili la slaidi, au kuiunganisha tu, ambapo slaidi hukumbuka mahali video ilipolala. Ukichagua ya pili kisha ukanakili slaidi peke yake kwenye flashi, umefika semina na anwani ya nyumba uliyoiacha mjini. Kuna na njia ya tatu, ya kuweka video ya mtandaoni, na hiyo kwa safari hii isahau. Ingiza yote ndani. Hata hivyo beba na faili la video pembeni, ili PowerPoint ikigoma ufungue VLC bila kuomba radhi.

Jaribio la kweli ni hili. Usiku kabla ya safari, zima Wi-Fi, weka simu katika hali ya ndegeni, chukua kompyuta ya mtu mwingine ndani ya nyumba, chomeka flashi, na ucheze video kutoka sekunde ya kwanza hadi ya mwisho. Wengi hucheza sekunde tano, wanaridhika, wanalala. Faili lililonakiliwa nusu nalo hucheza sekunde tano vizuri sana. Itazame yote. Na ukimaliza, itazame tena sauti ikiwa imezimwa, wewe ukisimulia. Hapo ndipo utajua kama unaijua.

Flashi beba mbili, kwenye mifuko miwili tofauti, pamoja na nakala kwenye simu. Flashi zetu zinapita kwenye vibanda vya kuchapisha na kudurufu, na wengi wetu tumewahi kufungua flashi tukakuta kila folda imegeuka njia ya mkato isiyofunguka. Mafaili mara nyingi bado yamo, yamefichwa na kirusi, lakini ukumbini si mahali pa kuyatafuta. Pia, flashi iliyofomatiwa kwa FAT32 haipokei faili moja la zaidi ya gigabaiti 4. Ukiona video yako imefika ukubwa huo, tatizo lako si flashi. Umepanga kuwaonyesha watu filamu.

Nitakaa kidogo kwenye sauti, kwa sababu ndiyo inayowaaibisha watu wengi kuliko picha, na huwa haikumbukwi mpaka midomo ianze kucheza ukutani huku ukumbi uko kimya. Waya wa VGA, ule wenye skrubu mbili pembeni, haubebi sauti kabisa. Waya wa HDMI unabeba, na hapo linazuka tatizo jipya: kompyuta ikishaunganishwa mara nyingi huhamishia sauti kwenye projekta, na projekta au haina spika, au ina kispika kidogo kinachoongea na dari. Utabonyeza kuongeza sauti mpaka kidole kiume. Nenda kwenye alama ya spika kwenye kona ya chini ya skrini, chagua sauti itokee wapi, uendelee. Lijue jambo hilo kabla, ulifanye kabla washiriki hawajaingia, na uandike kwenye kikaratasi kama kumbukumbu yako ni kama yangu.

Spika ya bluetooth ya sebuleni inatosha watu kumi na tano wanaopendana. Kwa ukumbi wa kata unahitaji mtu wa vyombo, yule aliyefunga spika kwa ajili ya mkutano wa hadhara, na unahitaji waya wenye kichwa kinachoingia kwenye tundu la earphone la laptopu upande mmoja na kwenye mixa yake upande wa pili. Yeye atakuambia anao. Usimwamini, nunua wako, hauna bei. Fika mapema mfanye jaribio pamoja, umtume kijana akae mstari wa mwisho karibu na mlango akuambie kama anasikia maneno au mvumo tu. Ukikosa waya kabisa, elekeza maikrofoni kwenye spika ya laptopu. Sauti itakuwa ya redio ya zamani, lakini itafika.

Halafu kuna bati. Kumbi zetu nyingi hazina dari, na mvua ya masika ikishuka juu ya bati jipya hakuna spika inayoshindana nayo. Ndiyo maana napendelea video yenye maandishi chini, hata kwa watu wanaoijua lugha. Na ndiyo maana nimekuambia ujifunze kuisimulia, ingawa kwa mvua ya namna hiyo na wewe utalazimika kusubiri.

Umeme sitausemea mengi, kila mtu anaujua. Chaji kompyuta usiku kucha, uliza kama kuna jenereta na kama ina mafuta, na swali la mafuta muulize mtu mwingine tofauti na aliyejibu la jenereta. Projekta ya kawaida ya ofisi inakula wati 250 hadi 300 hivi, kwa hiyo kibetri cha kuchajia simu hakitaisaidia. Zipo projekta ndogo zinazotumia betri na sola, nazo kwa kikundi cha watu thelathini jioni zinafaa sana. Mwanga ni adui mwingine: saa sita mchana, madirisha yasiyo na mapazia, hata projekta nzuri huonyesha ukungu. Beba vitenge na pini. Au panga video iwe saa mbili asubuhi upande usiopigwa na jua, na mazungumzo yaje baadaye.

Tusijidanganye kwamba kazi hii ni ngeni. Kati ya 1935 na 1937, pale Vugiri katika milima ya Usambara, kulikuwa na mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, ulioendeshwa na Waingereza wawili, L. A. Notcutt na G. C. Latham, kwa fedha za Carnegie Corporation ya Marekani. Walitengeneza filamu fupi kuhusu akiba ya posta, minyoo ya safura, kilimo cha chai na mengineyo, wakazipakia kwenye lori lenye jenereta yake, wakazizungusha Tanganyika, Kenya, Uganda na nchi za kusini yake. Sauti ilikuwa kwenye santuri, mbali na picha, na ililazimu viende pamoja. Mradi ule ulijaa dharau za kikoloni kuhusu kile Mwafrika anachoweza kuelewa, na hilo sisamehe. Lakini kwa upande wa vyombo walijua jambo moja tunalolisahau leo tukiwa na simu nzuri mfukoni: uendako hakuna kitu, kwa hiyo beba vyote, umeme ukiwa wa kwanza.

Somo lililobaki tulifundishwa na watu wetu wenyewe. Kwenye vibanda umiza vya Dar es Salaam, Derek Mukandala, aliyejulikana zaidi kama Lufufu, alikuwa akiwatafsiria na kuwasimulia watu filamu za nje kwa Kiswahili, na Kampala wapo wasimulizi waitwao vijee (VJ) wanaofanya hivyo kwa Kiganda, kama ilivyo Kenya kwa DJ Afro. Mtazamaji analipia filamu ya Kichina na anatoka ameipenda sauti ya msimulizi. Msimulizi anajua nani atapigwa dakika ya arobaini, anajua wapi pa kunyamaza, anamweleza mama aliyechelewa kilichotangulia. Mtoa mada mwenye video ya dakika 4 kuhusu kumnyonyesha mtoto njiti anapaswa kuijua kwa kiwango hichohicho. Sauti ikikatika, yeye anaendelea. Picha ikiganda, anageuka mbele na kusema kinachofuata.

Kwa hiyo chagua sehemu muhimu, na uwe na sababu. Kwa kiduha, kwa mfano, video ina kazi moja ambayo shamba haliwezi kuifanya: kuonyesha chini ya udongo jinsi mzizi wa gugu unavyojishika kwenye mzizi wa mhindi na kuanza kunyonya kabla hata halijachomoza. Mkulima huona maua ya zambarau tu, na wakati huo mahindi yameshadhoofika. Sekunde hizo za chini ya ardhi ndizo ulizozifuata kwa projekta na jenereta. Sehemu ya mtaalamu anayeongea akiwa amekaa ofisini huihitaji, mtaalamu ni wewe. Zipige picha hatua tano au sita muhimu za video, uzichape kwenye karatasi kubwa, uzikunje mkobani. Kila kitu kikifa, karatasi hazihitaji chaji. Na ng'oa kiduha chenyewe chenye maua, uje nacho kwenye mfuko uliofungwa vizuri, maana mche mmoja hutoa mbegu ndogo makumi ya maelfu, nazo hukaa udongoni miaka mingi. Usije ukawa wewe ndiye uliyelipeleka gugu kwenye kata isiyokuwa nalo.

Ukipata bahati vyombo vyote vikafanya kazi, usicheze video mfululizo kisha ukauliza, "Kuna maswali?" Hakutakuwa na maswali. Simamisha kabla ya jibu. Uliza, "Mama, hapa wewe ungefanyaje?" Waache wabishane, kisha onyesha. Baadaye icheze tena yote bila kukatiza. Video ya dakika 4 kwa mtindo huu inajaza nusu saa, na ni nusu saa ambayo watu wataikumbuka nyumbani.

Kuna bosi atakayetaka azungumze na washiriki moja kwa moja kutoka makao makuu, akiwa na picha na sauti. Mweleze kwa heshima, mapema, kwa maandishi, kwamba uso wake utaganda mdomo ukiwa wazi mbele ya wananchi. Ajirekodi kwa simu siku moja kabla, dakika mbili, akiwa ameelekea dirisha ili uso uonekane. Faili lije nawe. Maswali ya watu myajibu kwa simu ya kawaida iliyowekwa sauti ya juu mbele ya maikrofoni, kwa sababu sauti ya simu ya kawaida inapita hata pale data inapogoma.

Na semina ikiisha usiharakishe kufunga vyombo. Wengi watakuja na simu wakisema, "Nirushie na mimi." Warushie, ikiwa mwenye kazi ameruhusu. Xender na bluetooth hazihitaji bando, na megabaiti zako 45 zinahama wakati mtu anamalizia soda. Anza na mmoja kutoka kila kijiji, yeye atawarushia wengine njiani. Wenye simu za batani hawajaachwa nje: simu hizo nyingi zina sehemu ya kadi ya kumbukumbu na hucheza video ndogo, kwa hiyo andaa nakala nyingine nyepesi zaidi, ya mfumo wa 3GP, ukubwa wa kioo cha simu hiyo. Yule mzee wa baiskeli alikuwa na simu ya namna hiyo.